Kipokezi cha Kibodi na Kipanya Kikipotea: Ununue Kipi Mombasa?

Kipokezi ni kile kidude kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB ili kibodi na kipanya visivyo na waya viwasiliane na kompyuta. Kikipotea, watu wengi huingia katika duka la kwanza wanaloliona Moi Avenue au Digo Road na kuomba kingine kinachofanana nacho, na hapo ndipo pesa zao zinapopotea. Chaja yoyote ambayo kichwa chake kinaingia kwenye simu yako huenda ikakufaa, lakini kipokezi huunganishwa na kifaa chake kwa mawimbi ya redio, aghalabu tangu kiwandani, hata viwili vyenye umbo moja na rangi moja visiweze kubadilishana kazi. Kwa hiyo uamuzi wa ununue nini haufanywi dukani. Hufanywa nyumbani kwa kukigeuza kifaa chako na kuusoma mgongo wake.

Kabla ya kuvuka feri kutoka Likoni kwa ajili ya safari hiyo, fungua kifuniko cha betri cha kipanya, kwa kuwa vipanya vingi vina kitundu humo cha kuhifadhia kipokezi, na mara nyingi ndimo kilimofichwa na mtu aliyekuwa akisafisha meza. Tazama pia vyuma vinavyogusa betri. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na vyuma hivyo vikiota kutu ya kijani, kifaa huzimika na lawama zote zikaangukia kipokezi kisicho na kosa.

Chaguo ninaloliweka la kwanza ni kipokezi kipya cha kampuni ileile, iwapo vifaa vyako vina alama ya kukiruhusu. Kwa Logitech, tafuta alama ndogo ya rangi ya chungwa yenye miale sita kama ua. Hiyo ni ya mfumo wa Unifying uliotolewa mwaka 2009, ambao kipokezi chake kimoja hubeba hadi vifaa sita na huuzwa peke yake. Vifaa vya karibuni, tangu mwaka 2021, vinatumia mfumo wa Logi Bolt, nao pia hubeba vifaa sita, lakini mifumo hii miwili haielewani kabisa, kwa hiyo mtaje muuzaji jina kamili la mfumo wako, wala usiridhike akikuambia kwamba zote ni Logitech. Dell nayo ina vipokezi vya namna hii kwa baadhi ya kibodi na vipanya vyake. Si kila bidhaa ya kampuni hizi ina alama hizo, na iwapo kibodi inayo ilhali kipanya hakina, hesabu kwamba umeokoa kibodi peke yake.

Kipokezi kipya hakifanyi kazi kwa kuchomekwa tu. Ni lazima kioanishwe na vifaa vyako kwa programu ya kampuni, inayopakuliwa bila malipo, na watumiaji wa Linux wana programu iitwayo Solaar. Mwenye kompyuta ya mezani aazime kipanya cha waya kwa shughuli hiyo, kwani hatakuwa na kitu kingine cha kubofyea. Tena, mwaka 2016 watafiti wa usalama walionyesha kwamba vipokezi vya kampuni kadhaa, Logitech ikiwamo, vingeweza kuingiziwa maandishi na mtu aliye karibu, na Logitech ikatoa toleo jipya la programu inayokaa ndani ya kipokezi, la kuziba ufa huo. Ukinunua cha Unifying, hakikisha umekisasisha.

La pili ni Bluetooth, na kwa mwenye bahati halimgharimu chochote. Kibodi au kipanya chenye nembo ya Bluetooth kinaweza kuunganishwa moja kwa moja na laptopu, na kompyuta ya mezani isiyo nayo hununuliwa adapta ndogo. Hata hivyo, adapta hiyo haisaidii kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kipokezi chake pekee, ingawa vyote viwili hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Muuzaji anayekuambia kwamba itashika tu, mwombe akuonyeshe.

Ikiwa mgongo wa kifaa hauna alama yoyote, kama zilivyo seti nyingi za bei ya chini, acha kutafuta kipokezi. Nunua kibodi na kipanya cha waya, hasa kwa saiba, shule au ofisi ambamo vifaa hupita mikononi mwa watu wengi: hakuna betri za kununua kila mara, wala kidude cha kupotea. Seti mpya isiyo na waya naiweka ya nne, kwa wale ambao meza zao haziruhusu waya, na wakiichukua waandike namba moja kwenye kipokezi na kwenye mgongo wa kipanya kwa kalamu ya wino usiofutika.

Mwisho kabisa naviweka vipokezi visivyo na boksi wala jina, vinavyouzwa kwa fungu. Uwezekano wa kimoja kukubali vifaa vyako ni mdogo mno. Ukishawishika, beba kibodi na kipanya chako vikiwa na betri nzima, umwombe muuzaji achomeke kipokezi kwenye kompyuta yake, uandike sentensi nzima na kusogeza mshale hadi pembe zote za kioo, kisha ndipo utume pesa za M-Pesa na kudai risiti.