Huduma ya kutafsiri matokeo ya chuo, Kihispania kwenda Kiingereza: nawapa nne kati ya tano

Kama umesoma Hispania na unaombea masta Uingereza basi mnajua ile shughuli, transkripti imejaa vifupisho tu vya madaraja ya maksi, SS, AP, NT, SB, MH, NP. Mi kwanza nilipeleka kwa ofisi moja ya bei chee, jamani! SS, yani suspenso, wakaandika kama mwanafunzi kasimamishwa chuo, wakati maana yake umefeli tu hilo somo, chini ya 5 kwenye 10. Hebu fikiria afisa udahili anasoma hivyo.

Hawa wa sasa ni watafsiri walioapishwa, wale wanaotambuliwa na wizara ya mambo ya nje ya Hispania, na kazi inaonekana. Maksi hawazigeuzi kuwa A ama B, wanaacha 7.8 ibaki 7.8 alafu NT, yani notable, wanaieleza pembeni kwamba ni 7 hadi 8.9, na SB, yani sobresaliente, kuanzia 9. NP wameandika hakufanya mtihani, sio sifuri. Kilichonifurahisha zaidi ni MH, ile matrícula de honor, daraja la juu kabisa, maana wengi wanaitafsiri kama usajili sijui wa heshima, hawa wakaweka na maelezo kwamba haizidi asilimia 5 ya waliosajiliwa kwenye somo, yani hapo ndo msomaji anajua huyu mtu alikua moto.

Nyota moja nimekata sababu ya bei, inauma kwakweli, na meseji wanajibu wakijisikia.