Ukinunua Come On Over ya Shania Twain, Soma Kwanza Orodha ya Nyimbo Nyuma ya Kava

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale. Mtu ameagiza CD ya Come On Over, albamu ya mwimbaji Shania Twain, imefika, ameitia kwenye redio, na nyimbo alizokua nazo tangu utotoni hazisikiki alivyozizoea. Fidla zimefifia, ngoma zimekuwa nzito, mpangilio wa nyimbo umevurugika. Dada mmoja wa Eldoret aliamini ameuziwa feki, akamrudia muuzaji, wakarushiana maneno. CD yake ilikuwa halali kabisa, ila ilikuwa toleo jingine, na muuzaji hakuona haja ya kumwambia.

Kwa hiyo sitapoteza muda kuwaeleza kwamba kasha lisiwe limepasuka au karatasi za ndani zisiwe zimeloa. Hayo mwenye macho anajionea. Kasoro ninayotaka muijue haionekani kwenye picha ya mbele, na karibu kila tangazo la kuuza albamu hii linaweka picha ya mbele peke yake.

Come On Over ilitoka Novemba 1997 chini ya lebo ya Mercury Nashville. Shania, Mkanada aliyekulia Timmins huko Ontario, aliandika nyimbo zote 16 pamoja na Robert John "Mutt" Lange, aliyekuwa mumewe na prodyuza wake. Lange alikuwa ameshajijengea jina kwenye roki, akiwa na bendi za AC/DC na Def Leppard. Hata hivyo toleo hilo la kwanza la albamu ni kantri: fidla zinakimbizana, na lile gitaa la stili, linalopigwa likiwa limelazwa, linavuta sauti kama mtu anayelia pembeni.

Mwaka 1998 likaja toleo la kimataifa, lililolenga redio za Ulaya na kwingineko. Sauti ya Shania ni ileile na maneno ni yaleyale, ila ala za kantri zimepunguzwa, mahali pengine zimeondolewa, na vinanda na midundo ya pop vikachukua nafasi. Nyimbo nazo zikapangwa upya. Jina halikubadilika. Baadaye toleo hilo la kimataifa likauzwa Marekani pia, kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii imetoka Marekani", bado hajakuambia kitu.

Kinachoniudhi ni kwamba lebo yenyewe ililijua tatizo hili. Albamu iliyofuata, Up! ya 2002, ilitolewa kwa miksi tofauti, yaani nyimbo zilezile zikichanganywa na ala tofauti, na kila moja ikapewa rangi: kijani kwa kantri, nyekundu kwa pop, bluu kwa ile yenye ladha ya kimataifa. Mnunuzi alitazama rangi akajua anachukua nini. Come On Over haikupata heshima hiyo, na wanaolipia ukimya huo hadi leo ni sisi.

Kinga yako ni orodha iliyo nyuma. Toleo la kwanza linafunguliwa na "Man! I Feel Like a Woman!" na kufungwa na "You've Got a Way". La kimataifa linafunguliwa na "You're Still the One". Ukishalijua hilo hakuna wa kukuzungusha.

Sasa ninavyozipanga.

Ya kwanza, na kwangu hakuna inayoikaribia, ni CD ya Mercury Nashville ya 1997. Naipendelea wazi, wala sitajifanya nimesimama katikati. Sikiliza "Love Gets Me Every Time", singo, yaani wimbo uliotolewa peke yake, iliyotangulia albamu, kisha "Don't Be Stupid" inayofuata mara moja. Fidla ndizo zinazousukuma wimbo mbele, huku Shania akiimba kama anayezijibu. Ukiziondoa, wimbo bado ni mzuri, lakini umekosa mwenzake wa kuzungumza naye. Kwa sisi wa Kenya, ambako kantri imeishi majumbani tangu enzi za Jim Reeves, sauti hiyo ndiyo tuliyoifuata.

CD hizi sasa unazipata za mitumba, kwa hiyo kagua kwa makini. Ishike chini ya taa, upande wenye maandishi ukikuelekea wewe, uangalie kama kuna vitundu vinavyopitisha mwanga. Watu wengi huhangaikia mikwaruzo ya upande unaong'aa, na mingi ya hiyo husafishika. Mkwaruzo wa upande wa maandishi ndio hatari, maana tabaka linalobeba muziki liko papo hapo chini ya rangi, na likichunika halirudi. Halafu usijaribu wimbo wa kwanza. CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, na albamu hii ni ya kama saa nzima, kwa hiyo nyimbo za mwisho zimekaa karibu na ukingo, pale vidole vinaposhika. Weka "Rock This Country!" na "You've Got a Way". Zikipita bila kurukaruka, lipa.

Ya pili ni Diamond Edition ya 2023, iliyotolewa kuadhimisha miaka 25. Sauti imesafishwa upya, na kuna rekodi za jukwaani na miksi za ziada. Imetoka kwa maumbo kadhaa, ya CD na ya santuri, na yaliyomo hayafanani, kwa hiyo soma orodha ya lile unalolilipia. Kwa mtu anayetaka kitu kipya kisicho na historia ya vidole vya watu, hii ndiyo.

CD ya kimataifa naiweka ya tatu. Kama uliijua Come On Over kupitia video za "That Don't Impress Me Much" na vituo vya pop, huenda ndiyo hasa unayoitafuta, na sitakukataza. Inunue ukijua unachonunua.

Santuri ni za wenye moyo na mfuko. Dakika 60 hazikai vizuri kwenye sahani moja: mifereji hubanwa na sauti hupungua nguvu, hasa ukikaribia katikati. Tafuta ya sahani mbili. Nairobi unaweza kuanzia Kenyatta Market.

Kanda, flashi na nyimbo za kupakua: zipo, ni rahisi, nyingi hazikuambii ni toleo gani.

Na bei jamani. Nimeona CD hii ikitangazwa kuwa "adimu" na bei ikapandishwa kwa neno hilo moja. Adimu vipi? Nakala zaidi ya milioni 40 zimeuzwa duniani, hakuna albamu ya studio ya mwanamke anayeimba peke yake iliyouzwa kuliko hiyo, na nyimbo 12 kati ya 16 zilitolewa kama singo. Nakala zimejaa makabatini dunia nzima. Muuzaji mmoja niliyemuomba picha ya nyuma alinijibu kwamba kama ni shabiki wa kweli nisingeuliza. Mwingine alikuwa na picha ya toleo la 1997 aliyoitoa mtandaoni, huku akituma lolote lililo mkononi. Ukijumlisha gharama ya kusafirisha, ambayo mara nyingi inaipita CD yenyewe, mtu analipa mara mbili kwa kitu ambacho hakukiomba, na kukirudisha ni kulipa mara ya tatu.

Ombeni mambo mawili kwa maandishi kabla ya kutuma pesa: picha ya nyuma ya nakala ileile mtakayotumiwa, na jina la wimbo wa kwanza. Anayezijua bidhaa zake atayajibu yote papo hapo. Anayekataa, hamieni kwa mwingine, maana CD hii haitaisha sokoni.