Siku tisa za RV (gari-nyumba) jangwani Quartzsite, Arizona: uzoefu wangu na bili zake

Mie dereva wa lori, naishi Minneapolis, na ile barabara ya I-10 kutoka Phoenix kwenda California nimeipita mara nyingi tu usiku, na kila Januari nikifika karibu na kamji kanakoitwa Quartzsite naona taa zimetapakaa jangwani kama karabai za wavuvi wa dagaa baharini kwetu Tanga. Siku moja nikasimama kituo cha malori nikauliza, kule gizani kuna nini? Nikaambiwa ni wazee, wastaafu wa Marekani na Kanada, wanakimbia theluji na magari-nyumba yao wanakuja kukaa hapa mpaka joto lirudi. Nikamhadithia mama Zuwena. Akaniambia sasa na sisi tunasubiri nini, huku kwetu nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri.

Basi Januari 2023 tukapanda ndege mpaka Phoenix, tukakodi RV, tukaenda. Mwendo wa saa mbili hivi kuelekea magharibi, hauchoshi.

Niseme kwanza hela maana najua ndo mnachotaka. Ile ardhi ni ya serikali, inasimamiwa na idara ya ardhi inayoitwa BLM, na kuna maeneo mengi ya pembeni unapaki bure kabisa hadi siku 14 ila hakuna maji, hakuna choo, hakuna mtu wa kukuuliza. Sisi tukachagua La Posa, upande wa kusini wa mji, pale unalipia kibali. Tulilipa dola 40 kwa wiki mbili, na wanaokaa msimu mzima, kuanzia katikati ya Septemba mpaka katikati ya Aprili, walikuwa wanalipa 180. Hebu fikiria, miezi saba kwa dola 180! Kwa hiyo pesa unapata bomba la kujazia maji, pa kutupa taka na pa kumwagia tanki la choo. Umeme hamna, wala hakuna namba ya kusema hapa ndo pako, unaendesha tu porini mpaka roho yako iseme hapa.

Kilichokula hela ni gari. Dola 129 kwa usiku, bado bima, bado maili, bado "ada ya maandalizi" ambayo mpaka leo sijui waliandaa nini, na jenereta ukizidisha masaa manne kwa siku unalipia kila saa. Kampuni siitaji, ila someni mkataba mpaka mwisho jamani, mie niliusoma nusu, na kwenye ile nusu nyingine ndo kulikuwa na habari kwamba gari haliruhusiwi kwenda mbali kwenye barabara ya vumbi. Unamkodishia mtu RV Arizona halafu unamkataza vumbi!

Usiku wa kwanza ulikuwa mbaya, sifichi. Mchana kule ni nyuzi 20 hivi, unakaa na fulana, lakini jua likishazama tu, saa kumi na mbili kasoro, baridi inashuka kama imetumwa, na alfajiri ni nyuzi 3 au 4. Hita ya RV inatumia gesi sawa, ila feni yake ya kusukuma hewa inakula betri, mie hilo sikulijua, nikaiwasha tukalala. Saa tisa usiku kitu kinalia pii pii pii, taa zimefifia, hita kimya. Nikataka kuwasha jenereta, mama Zuwena akanishika mkono akanionesha karatasi ya masharti: kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni marufuku kelele za jenereta. Tukajifunika kila tulichokuwa nacho mpaka kanga, tukasubiri kukuche. Asubuhi nikapiga simu kampuni, kijana ananijibu "washa jenereta". Asante sana.

Aliyetuokoa ni jirani, mzee wa Kikanada wa miaka kama 75, alituona nimefungua kifuniko cha betri nimesimama kama mtu anayesoma dua, akaja na kipimo chake, akazipima akatikisa kichwa, betri zote mbili zimechoka siku nyingi. Akatuazima hita ndogo ya gesi isiyotaka umeme na akanifundisha kufungua dirisha kidogo nikiiwasha, maana hewa yake ikijifungia ndani inaua. Mama Zuwena akampelekea chapati. Kesho yake mzee karudi na mkewe, wanauliza kama zimebaki.

Sasa kuna jambo moja lilinichekesha siku zote tisa. Wale wazee wanafundishana kuishi na maji kidogo kama elimu ya chuo kikuu, kuna mmoja alituelekeza kwa dakika ishirini nzima namna ya kuoga kwa kujimwagia, kufunga, kujisugua, halafu kumwaga tena. Mama Zuwena kazaliwa Singida vijijini, ndoo moja ya maji anaoga, anafua kitenge na yanayobaki anamwagilia mchicha. Tulikuwa na tanki la kama lita 150, wenzetu wanasema wanajaza kila baada ya siku tatu, sisi siku ya sita ndo tukaenda bombani, na tulikuwa tunaoga kila siku! Kopo na beseni tu. Vyombo tunafutia kwanza karatasi halafu tunaosha, maji ya kuoshea mchele yanasuuzia sufuria. Yani niligundua hii RV jangwani ni maisha yetu yaleyale ya madumu, ila yana magurudumu na godoro zuri. Ndo maana sikuumia na kukosa umeme, ilikuwa kama nimerudi likizo kwa bibi Muheza, jua likizama unakula, unapiga stori, unalala.

Tatizo langu lilikuwa tanki la choo tu, kile kibarua sikitaki kukielezea, nunueni glavu ndefu na msifungue valvu kabla bomba halijakaa vizuri. Inatosha hapo.

Mandhari yenyewe usitegemee mchanga mtupu kama Sahara. Ni tambarare ya kokoto, vichaka vya kreosoti, na kwenye makorongo makavu kuna miti ya palo verde yenye shina la kijani na ile mbao ngumu wanaiita ayanwudi. Msipaki ndani ya korongo hata likiwa kavu kama mfupa, mvua ikinyesha milimani maji yanakuja bila hodi. Siku ya nne kulipita manyunyu kidogo, na ule mche wa kreosoti ukaachia harufu yake, siwezi kuifananisha na kitu, tulitoa viti nje tukakaa kwenye matone tukiinusa. Asubuhi kware wanapita kwa foleni mbele ya mlango, usiku mbwa mwitu wadogo, kayoti, wanalia kama watoto wanaogombana, mara ya kwanza mama Zuwena aliruka kitandani.

Na usiku wake sasa. Miaka kumi na moja Minneapolis sijawahi kuona Kilimia hata siku moja, nilishakisahau. Pale nilitoka nje saa mbili usiku kukojoa, nikainua kichwa, kiko karibu na utosi kabisa, vinyota vimesongamana vilevile kama alivyokuwa ananionesha babu, akisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nikamwita mama Zuwena, tukakaa nje na blanketi mpaka meno yakaanza kugongana. Hakuna aliyesema kitu cha maana, tulikuwa tunaoneshana tu, ile, na ile, na ile.

Mjini Quartzsite Januari ni vurugu nzuri, maonesho ya RV, mahema ya mitumba, mawe ya vito, vyuma vya zamani, kama mnada wa vijijini kwetu ila wauzaji wote wana mvi. Ila nendeni makaburini mkaone piramidi ya mawe yenye ngamia wa shaba juu yake. Aliyezikwa pale ni Haji Ali! Jina ambalo kila mtaa wa Tanga lipo. Alikuja Marekani 1856 na ngamia ambao jeshi lilikuwa linataka kuwajaribu kubeba mizigo jangwani, Wamarekani wakashindwa kulitamka jina wakamwita Hi Jolly, akafia hapo Quartzsite 1902, na lile piramidi likajengwa 1935. Nilimsomea Fatiha, mama Zuwena akapiga picha, Wazungu wawili wakaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikawaambia ndio.

Siku ya saba yule mzee wa Kanada akatupakia kwenye jeep yake (maana letu ni haramu kugusa vumbi) tukaenda Kofa, hifadhi ya wale kondoo mwitu wenye pembe za kujikunja, kama maili 18 kusini halafu unakata kushoto maili saba za vumbi. Kondoo hatukuwaona hata mmoja. Tulichoona ni mitende, imejificha kwenye ufa wa mlima, na jua huifikia muda mfupi tu mchana, unapanda kanjia ka mawe kama nusu maili halafu unatazama juu, hiyo hapo, kijani katikati ya mwamba mkavu. Mzee akasema amekuja miaka tisa mfululizo. Magoti yake hayataki tena, alibaki chini akatusubiri na chai kwenye chupa.

Kurudisha gari, kampuni ikanikata dola 85 za kusafisha vumbi. Nikawatumia video ya betri na ile pii pii ya saa tisa usiku, tukabishana wiki mbili, wakarudisha hela ya usiku mmoja.

Jangwa nalipa nyota tano. Kampuni ya gari nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya godoro.