Rangi ya uzio wa chuma Tanga: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukikaa Raskazone au Sahare, asubuhi pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha linalotazama bahari, kisha kilambe. Chumvi tupu. Chumvi hiyo hiyo imelala kwenye uzio wako wa uani, hasa kwenye maungio aliyochomelea fundi, na haisubiri mvua ili ianze kazi. Huvuta unyevu hewani, chuma kikabaki na majimaji hata siku ya jua. Kwa hiyo mtu wa Tanga akienda kununua rangi ya uzio, asianze na kuchagua kijani au nyeusi. Aanze na praima, yaani rangi ya chini inayopakwa kwanza kwenye chuma kitupu, na hapo ndipo aweke hela yake.

Kwa nyumba nyingi za mjini, Chumbageni, Ngamiani na kwingineko, naweka namba moja praima ya kuzuia kutu yenye zinki fosfeti, koti mbili, kisha rangi ya mafuta koti mbili. Praima hii haifuniki tu, inapambana na kutu hata unyevu ukipenya. Nyingi ni za kijivu. Muuzaji akikwambia praima zote ni sawa, omba kopo ulisome mwenyewe. Utalipa zaidi kidogo, lakini ujira wa fundi wa kukwangua na kupaka hautabadilika, uwe umenunua nzuri au mbaya.

Namba mbili ni epoksi, na kwa nyumba iliyo usoni pa bahari naipandisha ya kwanza. Inakuja kwenye makopo mawili yanayochanganywa kwa kipimo. Ukikosea kipimo haikauki sawasawa, na ukishachanganya una saa chache tu za kuimaliza. Inataka chuma kisafi kabisa na fundi aliyewahi kuitumia. Jua huifanya itoe unga kama chaki, hivyo juu yake panahitajika rangi ya poliyurethani. Bei yake ni kubwa, ila kwa ukaribu ule na maji sioni kingine cha kuishinda.

Namba tatu ni ile tuliyoizoea: redi oksaidi, ile praima nyekundu, na rangi ya mafuta juu. Pongwe au Muheza, mbali na upepo wa bahari, inatosha na sina ugomvi nayo. Shida ni tabia ya kupaka redi oksaidi na kuacha uzio mwekundu “mpaka hela ipatikane”. Peke yake inapitisha maji. Uzio wangu wa kwanza niliuacha hivyo tangu Krismasi mpaka masika yakaingia. Mwezi wa nne nilibonyeza kwa kidole gumba karibu na ungio, ganda likabanduka kama la kitunguu, chini yake chuma cha kahawia, kimelowa. Niliumia, kwa sababu ilibidi nilipe kukwangua upya uzio mzima. Kama hela ya rangi ya juu haijapatikana, subiri, ununue vyote pamoja.

Zile zinazoandikwa kwamba zinapakwa juu ya kutu moja kwa moja naziweka namba nne. Ni nzuri kwa kuziba sehemu ndogo, ila hazishiki kutu inayobanduka. Bado utakwangua.

Rangi ya maji ya ukutani iache dukani. Ikipakwa kwenye chuma kitupu, maji yake yenyewe yanaleta kutu, na utaona madoa ya kahawia yakichomoza.

Mabati mapya yenye zinki ni habari nyingine kabisa. Rangi ya mafuta ikigusa zinki moja kwa moja, hutengeneza utando kama wa sabuni na baada ya muda hubanduka vipande vipande. Nunua praima ya mabati, au rangi ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati.

Pamoja na rangi, chukua brashi ya waya na msasa. Ukishakwangua, osha uzio kwa maji ya bomba. Kisima chako kikiwa cha maji ya chumvi, usiyatumie, maana chumvi ikibaki chini ya rangi huleta malengelenge. Ukikauka, paka praima siku hiyo hiyo, kwa sababu karibu na bahari chuma kisafi huanza kutu upesi. Subiri umande ukauke, upande unaopigwa na jua kali la mchana uuache kwanza. Kama rangi ya zamani ni ya miaka mingi, inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu: piga msasa kwa maji, na watoto wakae mbali.

Kuhusu kiasi, lita moja ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12. Uzio wa bati wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 1.8, pande zote mbili, ni mita za mraba 72, yaani makopo mawili ya lita 4 kwa kila koti. Wa vyuma vyenye nafasi huchukua pungufu ya hapo.

Tina, ile ya kuzimulia rangi, inunue mwenyewe, iwe ile iliyoandikwa kwenye kopo la rangi, na uwepo wakati wa kuchanganya. Wapo mafundi wanaotia petroli au mafuta ya taa ili rangi iende mbali. Rangi ya hivyo inakauka vibaya na kupoteza mng’ao mapema, na kwa upepo wetu haikai.