Praima ya Vallejo ya kupaka kwa brashi, ilivyofanya kazi Unguja

Anayepaka rangi visanamu vya askari wa anga za mbali hapa Unguja hukutana na tatizo kabla hajagusa rangi yenyewe, nalo ni praima, yaani rangi ya msingi inayoifanya plastiki ishike rangi zinazofuata. Kwengineko wengi hutumia mikebe ya kupuliza. Mikebe hiyo ina gesi iliyoshindiliwa inayoweza kuwaka, kwa hiyo haisafirishwi kwa ndege kama kifurushi cha kawaida; na hata ukiipata, unyevu wa masika huweza kuifanya rangi itue kama vumbi na kuziba nyuso na mikunjo ambayo mchongaji ameihangaikia. Visanamu kumi viliniharibikia hivyo mwezi wa Aprili, na bado navionea uchungu.

Praima ya Vallejo, kampuni inayotengeneza rangi za visanamu, imenitoa katika shida hiyo. Kampuni hiyo ilianzishwa New Jersey mwaka 1965, ikahamia Hispania mwaka 1969. Praima yake ni akriliki, yaani rangi ya maji, yenye poliyurithani, aina ya plastiki, brashi yake huoshwa kwa maji, na haina harufu kali ya kumfukuza mtu chumbani, jambo kubwa kwa sisi tunaofanya kazi katika nyumba za Mji Mkongwe zenye madirisha machache. Nilianza na chupa ya mililita 60. Kisanamu kioshwe kwanza kwa sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke, kisha kipakwe mikono miwili myembamba, yaani matabaka mawili ya rangi. Ukiongeza maji mengi, rangi huikimbia plastiki na kujikusanya mabondeni. Mistari inayoachwa na kalibu kwenye plastiki ikwanguliwe mapema, kwani poliyurithani ikisuguliwa kwa msasa hubanduka kama ngozi. Wakati wa kaskazi nakiacha usiku mmoja kikauke, na wakati wa masika siku mbili.

Lakini uzuri wake hasa nimeuona katika kubuni magari na mandhari, pale vitu visivyo na asili moja vinapounganishwa. Kuba la kituo changu cha anga ni kifuu cha nazi, mabomba yake ni chelewa zilizotolewa kwenye fagio, na majabali ni vipande vya mawe ya matumbawe yaliyobaki kwa mafundi waashi. Jiwe la matumbawe hunywa rangi sana, kwa hiyo hulipaka kwanza gundi ya mbao iliyozimuliwa. Mchanga wa pwani nao nauosha mara tatu kwa maji ya mfereji, maana chumvi ikibaki huvuta unyevu na kuinua rangi. Baada ya mikono miwili ya praima ya kijivu, nazi, jiwe na plastiki vikaonekana vimetoka kiwanda kimoja, na jirani yangu aliyelishika kuba lile hakujua kuwa anashika kifuu mpaka alipoligeuza na kuona ndani.

Kwa anayeanza, anunue ya kijivu. Nyeupe hutaka mkono wa tatu, na nyeusi huficha michongo midogo machoni pa mtu anayepaka usiku kwa taa moja.