Kupiga picha ndege za kale kwa simu: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Elekeza simu kwa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, inayopita chini chini jua likiwa kali, bonyeza, kisha itazame picha. Kila ribiti kwenye bawa inaonekana, lakini pangaboi limesimama, utadhani injini imezimika angani. Au mapanga yake yamepinda kama mundu. Ndege iliyoruka mara ya kwanza Machi 1936 na bado inaunguruma inastahili picha iliyo hai, kwa hiyo vifaa hivi nimevipanga kwa swali moja: je, kitaisaidia ndege ionekane inaruka?

Nafasi ya kwanza: filta ya ND. Hiki ni kioo cheusi kinachopunguza mwanga bila kubadili rangi. Tundu la lenzi kwenye simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo mwanga ukizidi, simu hufupisha muda wa shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga. Lenzi kuu ya f/1.8 (kipimo cha tundu hilo), kwa ISO 50 (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) chini ya jua la wazi, hufika karibu 1/4000 ya sekunde. Pangaboi la mizunguko 1500 kwa dakika hugeuka nyuzi zisizozidi 3 katika muda huo. Kwa 1/125 hugeuka nyuzi 72, na hapo mwendo unaonekana.

Kwa lenzi kuu, basi, chukua ND32, yaani inayopunguza mwanga mara 32. Kwa lenzi ya kuvuta mbali, ambayo tundu lake huwa dogo zaidi, ND8 au ND16 inatosha. Kupinda kwa mapanga hakuondoki kabisa, kwa sababu kihisi cha simu husoma picha mstari kwa mstari, ila ukungu wa mzunguko huficha kupinda huko vizuri. Filta za ND zinazozungushwa ili kubadili giza sizipendekezi: zikifikishwa mwisho huacha msalaba mweusi angani, na anga ndiyo nusu ya picha yako.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo mawili. Simu yako iwe na programu ya kamera inayokuruhusu kupanga shata na ISO mwenyewe, la sivyo simu itapandisha ISO na kukurudisha ulikotoka. Pia kishikilio kifunike lenzi unayoitumia kweli. Simu nyingi zikiona giza kwenye lenzi ya mbali huhamia lenzi kuu kimyakimya na kukuza sehemu ya katikati ya picha yake. Jaribu hivi: vuta mara tano, kisha ziba lenzi ya mbali kwa kidole. Picha ikiendelea kuonekana, ujue simu imehama.

Ya pili: simu yenye lenzi halisi ya mbali. Hii ni ya anayebadilisha simu hata hivyo. iPhone 15 Pro Max na Galaxy S24 Ultra zote huvuta mara 5 kwa lenzi yenyewe, sawa na takriban mm 120 au chini kidogo. Hiyo inatosha ndege ikitembea ardhini, ikipaa au ikitua. Ikiwa juu sana itabaki ndogo, na tangazo la "mara 100" halibadilishi kitu, maana sehemu kubwa ya hizo ni picha iliyokatwa na kutanuliwa. Lenzi hii ina faida nyingine hata ndani ya makumbusho: ukirudi nyuma na kuvuta, pua ya DC-3, ndege ya kale ya abiria, hubaki na umbo lake. Ukiisogelea kwa lenzi pana, inavimba.

Ya tatu: stendi ya mguu mmoja. Kwa 1/125 lazima uifuate ndege kwa mwendo wake, ukizunguka kiunoni huku ukipiga mfululizo. Mguu mmoja huzuia simu kupanda na kushuka. Tripodi huchelewesha, na makumbusho mengi huikataza ndani.

Ya nne: filta ya polaraiza, inayochuja mwanga unaoakisiwa. Hukoleza anga na kupunguza mng'ao kwenye kioo cha rubani na kwenye rangi. Kwa ndege ya alumini isiyopakwa rangi, usitarajie makubwa: mng'ao wa chuma kitupu hauzuiliki kwa njia hiyo. Mng'ao huo mimi naupenda, sioni sababu ya kuuondoa.

Ya mwisho: lenzi za kubana juu ya simu zinazodai kuvuta mbali. Usinunue. Nyingi hutoa katikati safi na kingo zenye ukungu na rangi ya zambarau, na ndege ya kasi hutoroka kwenye fremu kabla hujaipata. Fedha hizo ziongeze kwenye ND ya pili.

Kwa jeti za kale kama Vampire, zisizo na pangaboi, ondoa filta na uiache simu ikimbize shata itakavyo.