Nililipia taarifa za ndege adimu, nikaambiwa nimeona kalooli, korongo wa jalalani

Nilisema nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi pokeeni hivyo hivyo.

Kuna huduma hapa Uganda ya wapenzi wa ndege. Unatuma ada ya mwezi kwa simu, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, na ndege adimu akionekana kwenye misitu ya Kibale na Budongo au kwenye vinamasi vya Ziwa Viktoria, unapewa habari. Jina silitaji. Walio ndani watajitambua.

Msimu wa mvua uliopita nilikuwa nampelekea mteja nguo zake, upande wa barabara ya Entebbe. Boda ikapita kando ya kinamasi cha mafunjo, nami nikampiga kijana dereva begani: simama! Kwenye uwazi kati ya mafunjo alikuwapo korongo nyangumi. Bulwe mwenyewe, kama Waganda wanavyomwita! Kijivu mwili mzima, mdomo mpana wenye ncha iliyopinda, kishungi kidogo kisogoni, katulia anavizia kamongo. Nimewahi kumwona kwenye kinamasi cha Mabamba, ambako watu hulipia mtumbwi kwenda kumtafuta, lakini hapo kando ya njia, bure, sikutegemea. Yule kijana hata kutazama hakutaka. Babu yake alikuwa mvuvi, na wavuvi wa zamani waliamini ukikutana na bulwe kabla ya kutega nyavu unarudi mikono mitupu. Wengine walikuwa wakimuua kwa sababu hiyo. Kijana akaanza kulalamika muda wake unapotea, nikamwongezea hela akanyamaza.

Picha yangu ya simu ilitoka doa la kijivu, sikatai. Lakini nilifuata utaratibu wao neno kwa neno. Kundini nikaandika nimeona nini, saa ngapi, ana sura gani. Mahali hasa nikamtumia msimamizi peke yake, kwa sababu ndege wa aina hii hatangazwi alipo.

Jibu lake, mbele ya watu wote: "Nnyabo, hiyo ni kalooli. Kampala wamejaa. Tafadhali usituchafulie kundi." Kikafuata kicheko, vikatuni vya kucheka machozi hadi jioni, na bwana mmoja akarekodi ujumbe wa sauti akiiga mlio wa kalooli.

Kalooli! Mimi! Nimekulia Kampala, wanatua kwenye bati la nyumba yetu wakitoka jalalani. Mtu wa Kampala kutomjua kalooli ni sawa na mtu wa Lamu kutomjua punda. Kalooli ana upara, ana mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni, mgongo mweusi na tumbo jeupe. Hayo yote niliyaeleza kundini, kwa adabu, na sidhani kama yalisomwa. Walishaona ni fundi cherehani anayeandika, hana kamera ya lenzi ndefu, hana gari la watalii. Ningekuwa mzungu mwenye kofia wangeniuliza upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi.

Siku chache baadaye mwongoza watalii mmoja, mtu mkubwa humo ndani, akaweka picha ya bulwe, safi, mpaka jicho linaonekana. Nyuma yake upo mlingoti wa umeme ulioinama, ule ule wa kinamasi changu. Msimamizi yule yule: "Hongera sana mkuu!" Pongezi zikamiminika. Nikaandika kwamba huyo ndiye niliyemsema mimi. Ujumbe wangu ukafutwa. Pembeni nikaletewa maneno manne tu: "Mama, punguza presha kidogo."

Sasa, mahali pale nilimwambia mtu mmoja tu. Sina ushahidi kwamba aliuza habari, na inawezekana mkuu naye alijipitia tu njiani kama mimi. Inawezekana. Lakini ile wiki magari ya wageni yalikuwa yanapanga foleni kando ya kile kinamasi, watu wanashuka na darubini, wanapita kwenye tope kumsogelea ndege ambaye kutulia ndiko kunampa chakula. Siri ya kumlinda bulwe imegeuka siri ya kumlinda mteja wa mtu.

Na siri yenyewe naiunga mkono, msinielewe vibaya. Bulwe hutaga yai moja mpaka matatu, na kwa kawaida kifaranga anayekua ni mmoja tu, sasa mtu akijua kiota kilipo akamchukua huyo mmoja, msimu umekwisha. Kasuku wa kijivu wamekamatwa mpaka biashara ya kimataifa ya wale wa porini ikapigwa marufuku. Hata eBird, tovuti ya Chuo Kikuu cha Cornell ya kuandikisha ndege walioonekana, kwa ndege walio hatarini namna hiyo, haionyeshi sehemu hasa, inakupa eneo la kilomita 20 kwa 20 na kukuachia hapo. Kuna kijana aliuliza kundini kiota cha kasuku kiko mti gani, msimamizi akamkatalia katakata. Siku hiyo nilimpenda.

Halafu kuna lile la Kibale. Ujumbe uliingia usiku, kwamba pita kifua-kijani, ndege mdogo wa msituni, anacheza, tukafika msituni kabla ya jua. Tukasimama gizani, tukasikia mbawa zikitoa mvumo, kisha tukamwona anaruka juu ya tawi na kutua pale pale, anaruka tena. Nililia, na wala sioni haya. Bila huduma hii ningemjulia wapi? Kwa hilo peke yake nilikuwa nimeandika nyota nne hapa.

Nimezifuta. Nimeusikiliza tena ule mlio wa kalooli.

Kama wewe ni mwongozaji au una kamera kubwa, jiunge, utafurahia. Kama ni mtu wa kawaida mwenye macho mazuri na simu mbovu, jiunge usome tu, na ukiona kitu kaa nacho. Nyota mbili, zote za pita. Ada ya mwezi huu sijatuma, na msimamizi keshanikumbusha, safari hii kwa heshima zote, "habari za familia nnyabo". Kwenye pesa anajua kusalimia.